Sarafu Juu ya Barafu

Jumanne saa tatu asubuhi, Inspekta Snezhana Tabakova alipanda ngazi za taasisi ile hadi ghorofa ya tatu huku akitafuna mbegu za alizeti, na kabla hajafika juu alikuwa ameshaambiwa na watu watatu kwamba safari yake ni ya bure. Mlinzi alimwambia ni umeme. Karani alimwambia ni umeme. Mkurugenzi, aliyeshuka kumpokea katikati ya ngazi ili wengine wasimuwahi, alimwambia ni umeme, akamwonyesha na tangazo lililobandikwa mlangoni tangu wiki iliyopita: Jumapili, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, mtaa mzima utakosa umeme kwa ajili ya matengenezo. Alichokitaka kwa polisi ni karatasi moja tu yenye mhuri, aipeleke bima.

Snezhana alikuwa na miaka ishirini na sita kazini hapo Plovdiv, na kama kuna kitu kilichomkosesha raha ni watu wanaokubaliana kabla hawajaulizwa. Akatia maganda ya alizeti mfukoni, akaomba aonyeshwe friza.

Vilivyoharibika vilikuwa vichupa kumi na viwili, kila kimoja hakizidi kidole gumba. Ndani yake mlikuwa na kimeng'enya ambacho Dokta Radosveta Mincheva alikitengeneza kwa miezi kumi na mmoja kwa ajili ya mgonjwa mmoja tu, binti wa miezi mitano aitwaye Elitsa, aliyelazwa hospitali ng'ambo ya mto. Mtoto huyo alirithi kasoro moja kwa baba na ya pili kwa mama, na kasoro mbili zilipokutana mwili wake ukakosa kimeng'enya cha kuvunja sukari ya akiba. Sukari ikajazana kwenye misuli, na moyo ukavimba. Dawa ya kununua ilijaribiwa, mwili ukaikataa. Hii ya Radosveta ndiyo iliyobaki, wizara imeshatoa kibali, na dozi ya kwanza ilikuwa kesho, Jumatano. Daktari wa wodi alishasema wazi kwamba moyo ule hauna wiki mbili.

Jumatatu asubuhi Radosveta aliyeyusha vichupa vitatu ili avipime. Kimeng'enya hakikufanya kazi hata kidogo. Sifuri, mara tatu.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha, mwanamke wa miaka arobaini na moja, macho makavu, nywele amezifunga kwa mpira wa kufungia mirija. Hakusimama. Alisema kila kitu kwa mpangilio, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni: kwamba Jumamosi nzima alikuwa wodini kwa Elitsa, kwamba Jumapili alikuwa Sofia kusaini kibali, kwamba jenereta ilitakiwa kuwaka yenyewe, na kwamba kipimo cha joto cha friza kilikufa tangu Januari na fomu ya kununua kingine ipo mezani kwa mkurugenzi. Hapo mkurugenzi akakohoa.

"Kwa hiyo jenereta haikuwaka," alisema Snezhana.

"Iliwaka." Aliyejibu alikuwa Mama Zdravka, fundi wa maabara, mwanamke mfupi wa miaka sitini na sita ambaye alishapewa barua ya kustaafu mara mbili, akazitumia zote mbili kufutia meza. Alifungua friza, moshi wa baridi ukamfunika mpaka kifuani, akaingiza mkono wenye glavu nene na kutoa kikombe cha chai kilichovunjika mkono. Kilikuwa kimejaa barafu hadi ukingoni, na juu ya barafu imekaa sarafu moja ya zamani ya stotinki ishirini, kavu, safi.

"Unaijua hii, mwanangu?"

Snezhana aliijua sana. Mama yake alitumia kifungo cha koti. Ni mambo ya majira yale ya baridi ya miaka ya themanini, umeme ulipokuwa wa mgawo, saa tatu upo, saa tatu haupo, na mtu akirudi kazini hajui kama nyama yake iliyeyuka ikaganda tena, au iko salama. Basi watu waligandisha maji kikombeni wakaweka sarafu juu. Barafu ikiyeyuka, sarafu inazama. Umeme ukirudi, maji yanaganda tena, lakini sarafu imeshabaki chini. Waliopitia miaka ile wengi hawajaacha, na friza zao siku hizi zina taa na kengele.

Mkurugenzi alisema kikombe si kipimo cha kisayansi. Mama Zdravka akamjibu kwamba kipimo cha kisayansi kipo mezani kwake tangu Januari, kinasubiri sahihi.

Kwa hiyo friza haikuyeyuka. Hapo Snezhana alikuwa na uhakika wa jambo moja na hajui la pili. Kama baridi haikukatika, basi vichupa vimeguswa na mkono wa mtu. Aliomba kuona kimoja. Radosveta akamletea kimojawapo cha vile vitatu vilivyoyeyushwa, Snezhana akakiinua dirishani, akatazama maji yasiyo na rangi, kisha akafanya kile ambacho kila mama hufanya kwa chupa ya dawa ya kikohozi. Akakitikisa.

Radosveta alimrukia. Alimkamata kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka kikaacha alama, na Mama Zdravka akatoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. Katika maabara ile kimeng'enya hakitikiswi. Kinainamishwa, kinageuzwa taratibu, hata gari la kukibeba linaambiwa lipite barabara isiyo na mashimo, maana msukosuko unakiharibu. Wanafunzi walifundishwa hilo kabla ya kuonyeshwa choo kilipo.

"Samahani," alisema Snezhana. "Si kimeshakufa?"

Radosveta alikuwa bado ameshika mkono wa inspekta lakini macho yalikuwa kwenye kichupa. Akakichukua. Akakitikisa mwenyewe, mara moja, kwa woga, halafu kwa nguvu.

"Hakina povu," alisema.

"Maana yake nini?"

"Hii ni protini, Inspekta. Ni kama ute wa yai. Ukitikisa lazima itoe povu, iwe nzima, iwe imekufa, iwe imeoza. Hapa hamna kitu. Haya ni maji ya chumvi." Akakiweka mezani. "Hakijafa. Hakimo."

Wakayeyusha na vile tisa vilivyobaki. Maji ya chumvi, vyote tisa. Lebo zilikuwa za Mama Zdravka mwenyewe, ameziandika kwa penseli, lakini pembeni zimekunjamana kidogo, zimebanduliwa kwenye vichupa halisi na kubandikwa kwenye vya uongo. Basi mambo yakageuka. Asubuhi kulikuwa na dawa iliyokufa na bima ya kudai. Sasa kulikuwa na mwizi, na dawa iko hai mahali fulani, na muda uliobaki ni mpaka kesho.

Mlango wa maabara unafunguliwa kwa kadi, na kila kadi inajiandika. Karani alileta orodha ya mwisho wa wiki. Jumamosi waliingia wawili tu. Kadi ya Dokta Asen Bozhkov, saa sita mchana, dakika arobaini. Na kadi ya Dokta Radosveta Mincheva, saa nane na dakika kumi.

Habari ile ilitembea kwenye korido haraka kuliko yeye inspekta. Jengo lile lilikuwa na wivu mwingi kuliko vifaa. Nani asiyejua kwamba Radosveta amekuwa akipigwa picha na magazeti tangu Oktoba? Alipofika chumba cha tatu Snezhana alishasikia kwamba Dokta huyo aligundua dawa yake haifanyi kazi, akaiharibu mwenyewe ili asiaibike, akasingizia umeme. Waliosema hivyo walisema kwa masikitiko makubwa na hawakuweza kuficha raha. Roho ya kwa nini haina chuo kikuu wala shahada, inakaa kokote.

Asen Bozhkov hakuficha kitu. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya redio, mkononi amefunga nyuzi nne za Machi, nyekundu na nyeupe, zilizofifia kwa kunawa; watu wa huko huzivaa mpaka wamwone korongo wa kwanza wa mwaka, kisha huzifunga mtini. Alisema Jumamosi alikuja kuzilisha seli zake, maana seli hazijui wikiendi, akatoka. Chumba cha friza hakukikaribia.

"Watu wanasema unamwonea wivu," alisema Snezhana.

"Andika kwamba ni kweli. Mwaka juzi tuliomba fedha ileile ya utafiti, akapata yeye. Mke wangu amekata picha yake gazetini akaibandika kwenye friji, ili binti yetu aige mfano. Kila nikitaka maziwa ananitazama." Akafuta jasho. "Nimemchukia mara nyingi, Inspekta. Lakini nilitaka nimshinde akiwa amesimama. Na kile kitoto nimekiona. Mimi nina binti."

Snezhana alimwamini kwa sababu ya friji. Mtu anayepanga uongo haji na kitu cha kumfanya achekwe.

Radosveta aliulizwa kuhusu kadi. Jumamosi, alisema, aliondoka alfajiri na koti jipya, kadi ikabaki kwenye la zamani, kwenye msumari nyuma ya mlango wa nyumba yao. Wodini haihitajiki. Na nyumbani alikuwa nani? Mume wangu, alisema, alikuwa anaumwa, hakutoka kitandani tangu Ijumaa mpaka jana asubuhi. Alilisema bila hata kusita, na Snezhana akaona kwamba wazo halijampitia kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani anakung'uta nguo yake kila asubuhi?

Mume huyo, Lyuben Minchev, mtafiti wa taasisi hiyohiyo, alikuwa na chumba chake mwisho wa korido, upande usiopata jua. Miaka hamsini na minne, mrefu, mvi zimechanwa vizuri. Alimchemshia inspekta kahawa kwa mkono wake, akamuuliza sukari ngapi, akamwekea kisahani. Ukutani palikuwa na picha moja: yeye akiwa na nywele nyeusi, amesimama nyuma ya msichana aliyeshika pipeti, mkono wake juu ya mkono wa msichana. Msichana huyo alikuwa Radosveta, enzi hizo mwanafunzi wake.

Alimsifu mkewe. Alisema ni kipaji, ni bidii, ni fahari ya mji, na kila sifa ilitoka imekaushwa, imepigwa pasi. Kuhusu Jumamosi alisema alikuwa na homa. Tangu Ijumaa usiku mpaka Jumatatu asubuhi hakutoka nyumbani, ghorofa ya saba, aliamka tu kupasha supu. Kadi ya mkewe hakuiona wala hakuitafuta. Pengine mtu aliiba koti. Pengine, alisema huku akishusha sauti, inspekta amuulize mwenyewe, maana alikuwa amechoka mno siku hizi na mtu aliyechoka hufanya mambo.

Snezhana alikunywa kahawa na kutazama mikono yake. Mkurugenzi alikuwa na uzi wa Machi. Mlinzi alikuwa na uzi. Mama Zdravka alikuwa nao saba. Mkono wa Lyuben ulikuwa mtupu.

"Uzi wako umeshauvua, Dokta?"

"Nimeufunga mtini. Nilimwona korongo."

"Bahati yako. Mimi mwaka huu bado. Lini?"

"Jumamosi," alisema Lyuben, na akatabasamu, maana hakuna mtu wa nchi ile anayemwona korongo wa kwanza wa mwaka akanyamaza. Habari hiyo humtoka mtu kabla ya kufikiri, kama chafya. Kisha tabasamu likabaki usoni halina kazi.

Snezhana alishusha kikombe kwenye kisahani.

"Ulimwona ukiwa kitandani?"

"Dirishani. Alipita."

"Na mti uliofunga uzi, nao uko ghorofa ya saba?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Lyuben Minchev iliishia hapo, kati ya kahawa na sukari. Alinyoosha kisahani kilichokuwa kimenyooka tayari. Inspekta hakumsubiri. Alimwambia akae alipo, akarudi maabara, akamuuliza Radosveta ni nani aliyempa mumewe uzi wa mwaka huu. Mimi, alisema, nilimsokotea mwenyewe, nikatia ushanga wa buluu. Na huwa mnawaona wapi makorongo? Kwa mama mkwe, kijijini Sinya Voda, kuna kiota juu ya nguzo ya umeme mbele ya lango lake. Kila mwaka Lyuben ndiye anayewahi.

"Mama mkwe wako ana friza?"

Radosveta alimtazama muda mrefu. Uso wake ulipita mahali pabaya, ukatoka upande wa pili. Alikwenda akachukua sanduku la baridi, akalijaza barafu kavu, akavaa koti.

Wakaenda watatu kwa gari la Snezhana, Lyuben mbele, Radosveta nyuma na sanduku magotini. Wakatoka mjini. Mashamba ya mpunga kando ya mto Maritsa yalikuwa bado matupu. Lyuben ndiye aliyeanza kuzungumza, na cha ajabu alianza kama mtu aliyetuliwa mzigo, karibu kwa majivuno.

"Vipo salama. Naomba hilo lieleweke kwanza. Mimi si muuaji. Nimevifunga kwa karatasi ya fedha, nikaviweka chini kabisa, chini ya pilipili za kuchoma za mama. Siku nne kwenye baridi ile haziviharibu, hata yeye anajua."

"Halafu?" aliuliza Snezhana.

"Kesho saa mbili asubuhi ningefika navyo wodini. Ningesema nilitunza akiba, maana mtu mzoefu hutunza akiba. Mtoto angepata dawa yake saa ileile. Hakuna aliyepoteza kitu."

"Na mkeo?"

"Angenishukuru." Akatazama barabara. "Mbele ya watu."

Halafu yakamtoka yote, na Snezhana akayaacha yatoke, kwa sababu mtu akishafungua mfereji huna haja ya kuchimba. Kwamba yeye ndiye aliyemfundisha kushika pipeti. Kwamba kimeng'enya hiki yeye ndiye aliyekitaja kwanza, mwaka wa tisini na nane, kwenye makala ambayo hakuna aliyeisoma, na mkewe alipoichukua ile njia akaifikisha mwisho, jina lake likawekwa chini kwa herufi ndogo, pamoja na la aliyechora michoro. Kwamba amelala miaka kumi na mitano kando ya mwanamke anayeamka na wazo, huku yeye anaamka na mgongo.

"Mwezi uliopita alikuja mwandishi wa habari nyumbani kwangu," alisema. "Nikamfungulia mlango. Akanipa koti lake nilitundike. Akaniambia, aa, wewe ndiye mume wa Dokta Mincheva. Basi. Mimi ndiye huyo. Nikienda benki ndiye huyo, nikienda kwa kinyozi ndiye huyo. Nilimwonea wivu mpaka chakula kikawa hakipiti. Nilitaka siku moja. Siku moja tu yeye awe mke wa mtu."

Kutoka nyuma Radosveta akauliza swali lake la pekee katika safari ile, kwa sauti ya kazini.

"Umeviweka vimesimama au vimelala?"

"Vimesimama," alisema Lyuben, na alionekana kuumia kwamba amefikiriwa vingine.

Sinya Voda ni nyumba arobaini na barabara moja. Makorongo walikuwapo, wote wawili, juu ya nguzo mbele ya lango la Bibi Stoyna, mama yake Lyuben, wanagongesha midomo kama watu wanaopasua kuni. Chini ya nguzo palikuwa na rundo la matawi makavu yaliyodondoka. Kwenye mtufaha wa langoni, ambao haujachanua hata ua moja, ulining'inia uzi mwekundu na mweupe wenye ushanga wa buluu. Radosveta aliupita bila kugeuza shingo.

Lyuben aliwaongoza nyuma ya nyumba hadi kibandani. Sasa alikuwa na haraka, anatembea mbele kama mwenyeji. Friza ya mama yake ilikuwa ya kulala, ya kizamani, inanguruma vizuri. Akafunua mfuniko, akatoa mfuko wa pilipili, wa pili, akahangaika na wa tatu ulioshikamana na wa nne, akavuta, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa furushi la karatasi ya fedha. Lilikuwa gumu kama jiwe.

"Nilikwambia," alisema.

Radosveta alilifunua. Vichupa kumi na viwili, vimesimama, vimeganda. Akavihesabu kwa kidole, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akavuta pumzi ya kutosha. Alivipanga kwenye sanduku kimoja kimoja, akiweka barafu kavu kati yake. Akatazama saa. Alisema wakiondoka sasa hivi watafika wodini kabla ya saa kumi, na dozi inaweza kuanza hata leo. Snezhana, ambaye alikuwa na pingu mfukoni na bado hajaamua azitoe lini, alijikuta anatabasamu.

Ni zile pilipili zilizomrudisha. Mifuko miwili ya chini ilikuwa imeungana ikawa bamba moja, imelala kama godoro, imechukua umbo la sakafu ya friza. Pilipili zilizogandishwa vizuri hazifanyi hivyo. Snezhana aliinama. Kwenye kona, nyuma ya mfuko wa cheri, palikuwa na glasi ya mtindi iliyojaa barafu. Juu ya barafu hapakuwa na kitu. Akaitoa, akaigeuza nuruni.

Sarafu ilikuwa chini kabisa, imekaa kitakoni mwa glasi.

Snezhana aliinyanyua ile glasi ili waione. Radosveta aliiona kwanza, kisha Lyuben, na Lyuben akasema hapana, akasema mama huweka sarafu zamani sana, pengine ni ya mwaka jana, pengine aliitia vibaya. Alikuwa bado anaeleza Bibi Stoyna alipoingia kibandani akifuta mikono kwenye aproni, mwenye furaha ya kuona mkwe.

"Mngenipigia ningepika," alisema. "Ila simu yenyewe ilikufa chaji. Hao viumbe huko juu! Wamerudi juzijuzi tu, wanajenga kwa fujo, Jumamosi jioni wakalaza tawi zima kwenye nyaya. Ulikuwa umeondoka kama saa moja hivi, Lyubo. Kijiji kizima giza mpaka jana usiku. Nimemwaga maziwa, nimemwaga nyama. Pilipili nimeziacha, pilipili hazina neno."

Jumamosi jioni mpaka Jumatatu usiku. Siku mbili. Kimeng'enya kile kikikaa kimeyeyuka kwa saa sita tu kinakwisha, na hilo Lyuben alilijua kabla ya watu wote, maana ndilo alilolitegemea watu waamini. Umeme wa Plovdiv aliutengenezea uongo. Umeme wa kwa mama yake hata hakuuwazia. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini huyu aliingia na mtoto wa watu mkononi.

"Pengine kimoja," alisema Lyuben. "Rado, vile vya katikati. Tuvipime. Pengine kimoja."

"Nitavipima," alisema Radosveta.

Alifunga sanduku la baridi kwa uangalifu uleule, kufuli ya kushoto, kufuli ya kulia. Bibi Stoyna alitazama mmoja baada ya mwingine, akauliza kuna nini, nani amekufa. Hapo simu ya Radosveta ikaanza kuita mfukoni mwa koti. Alitazama jina. Ilikuwa wodi. Asubuhi, baada ya ule mtikiso wa povu, alikuwa amewapigia mwenyewe akawaambia wasimwambie mama wa Elitsa neno lolote baya, kuna matumaini.

Akaiacha iite mara tatu. Kisha akaifungua na kumnyooshea mumewe.

"Zungumza wewe," alisema. "Ulitaka wasikie kutoka kwako."

Lyuben alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa friza. Radosveta hakushusha mkono. Sauti ya nesi ilisikika mle kibandani, ndogo, changamfu, inauliza haloo, haloo, Dokta, mtafika saa ngapi, mama wa mtoto yuko hapa pembeni yangu. Snezhana aliweka glasi juu ya mfuniko wa friza, akatoa pingu, akazishika tu.

Lyuben akaichukua ile simu. Akaiweka sikioni, na alipoulizwa ni nani anayeongea, akashika ukingo wa friza.

"Ni mimi," alisema. "Mume wa Dokta Mincheva."